Kwa nini mastaa wa K-pop hawalipi tu wakaondoka kwenye kampuni zao?

Swali: Binti yangu ana miaka 15 na anawapenda NewJeans, kundi la wasichana la K-pop (muziki wa pop wa Korea Kusini), kupita kiasi. Kila siku ni habari zao: walitangaza wameondoka kwenye kampuni, mahakama ikasema hapana. Mimi hilo halinikai kichwani. Harmonize alipotaka kutoka Wasafi mwaka 2019 alisema hadharani kwamba mkataba unamtaka alipe shilingi milioni 500, akahangaika nazo, akatoka. Hawa wa Korea si wana pesa zaidi? Kwa nini wasilipe wakaenda zao? Nauliza pia kwa sababu binti ameanza kunitajia usaili wa kampuni za huko unaofanyika mtandaoni.

Jibu: Mama, umeanzia mahali pazuri, kwa sababu tofauti yote imo kwenye ile milioni 500. Aliyetajiwa bei anajua anatafuta kiasi gani. Msanii wa K-pop kwa kawaida hatajiwi bei. Anapewa kanuni ya hesabu, na kanuni hiyo inapanda kadiri anavyong'ara.

Kampuni nyingi za Korea Kusini hufuata mkataba wa mfano uliotolewa na serikali, ambao asili yake ni mwaka 2009. Ndani yake mna kifungu cha adhabu kwa msanii anayevunja mkataba kwa makusudi ili atoke. Unachukua wastani wa mauzo yake kwa mwezi katika miaka miwili iliyopita, unazidisha kwa idadi ya miezi iliyobaki. Hayo ni mauzo, wala si faida. Pesa ambayo imeshaishia kwa watengeneza video, wapangaji wa matamasha na wenye magari inahesabiwa tena, kana kwamba yote ilikuwa mfukoni. Juu ya adhabu hiyo kampuni inaweza bado kudai fidia ya hasara.

Tupige hesabu. Wanachama wa NewJeans walitangaza kuondoka mwishoni mwa Novemba 2024, na mkataba wao ulikuwa wa kufika Julai 2029. Hiyo ni miezi 56. Mauzo tuyakadirie tu kwa ajili ya mfano: kundi linaloingiza won (pesa ya Korea) bilioni 2 kwa mwezi. Bilioni 2 mara 56 ni won bilioni 112, yaani kama dola milioni 80. Hakuna nyumba unayoweza kuuza ukafikisha kiasi hicho. Ubaya wake ni kwamba msanii ambaye hajavuma, ambaye kwake hesabu hii ingetoa kiasi kidogo, ndiye asiye na hata pesa ya wakili. Aliyevuma ana wakili, lakini bei yake haishikiki.

Kwa hiyo karibu hakuna anayetoka kwa kulipa. Njia iliyobaki ni kuithibitishia mahakama kwamba kampuni ndiyo iliyovunja mkataba kwanza. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, na mara nyingi ni kwa jambo dogo la utaratibu.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Kesi iliyofungua njia ni ya kundi la TVXQ. Tarehe 31 Julai 2009, watatu kati ya watano (Jaejoong, Yoochun na Junsu) waliiomba Mahakama ya Wilaya ya Kati ya Seoul isimamishe mkataba wao na SM Entertainment. Mkataba ulikuwa wa miaka 13, na muda wa utumishi wa lazima jeshini ukiongezwa unazidi hapo. Kifungu cha kutoka kilitaka msanii alipe mara tatu ya kila kilichowekezwa kwake, pamoja na mara mbili ya faida ambayo kampuni ingetarajia katika muda uliobaki. Tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo mahakama iliwapa zuio: SM isiwaingilie katika kazi zao binafsi. Mkataba wa mfano, uliotoka mwaka huo chini ya Tume ya Biashara ya Haki ya Korea, uliweka kipimo cha miaka saba: msanii aliyesaini zaidi ya hapo anaweza kutoa notisi miaka saba ikishapita, na mkataba unakufa miezi sita baadaye. Ndiyo maana mashabiki wanazungumzia "laana ya miaka saba", pale makundi yanapovunjika yakifika umri huo. Hakuna laana yoyote. Ni tarehe ya mkataba tu imefika.

Sasa huo utaratibu. Mkataba wa mfano unasema upande mmoja ukikiuka wajibu wake, mwenzake kwanza aueleze kosa na kuupa siku 14 za kurekebisha. Siku hizo zikipita bila marekebisho ndipo anaweza kuvunja mkataba na kudai fidia. Kwa Korea barua ya namna hii hutumwa kupitia posta katika nakala tatu zinazofanana: moja ya mpokeaji, moja inabaki posta, moja anarudi nayo mtumaji. Posta haithibitishi kwamba unachosema ni kweli. Inathibitisha kwamba siku fulani ulimwambia fulani maneno haya. Kesi nyingi za wasanii zinasimama au kuanguka juu ya karatasi hiyo.

Angalia kundi la Fifty Fifty. Wimbo wao "Cupid" ulitoka Februari 2023, ukapanda hadi nafasi ya 17 kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard ya Marekani, jambo la ajabu kwa kampuni ndogo kama Attrakt. Juni mwaka huohuo wasichana wanne wakaenda mahakamani kutaka mkataba usimamishwe. Moja ya hoja zao ilikuwa na nyama: kuna mapato yaliyokosekana kwenye taarifa ya mahesabu. Lakini hawakuwa wameitaka kampuni irekebishe kabla ya kukimbilia mahakamani, na kampuni ilipoambiwa ikasahihisha. Tarehe 28 Agosti ombi likatupwa. Oktoba mmoja, Keena, akarudi kundini. Watatu wakavunjiwa mkataba na kampuni yenyewe, na Desemba wakafunguliwa madai ya won bilioni 13 pamoja na wengine waliodaiwa kuwashawishi. Hoja ya hesabu walikuwa nayo. Waliiwahisha kabla haijaiva.

NewJeans wao siku 14 walizitoa. Barua ilikwenda kwa ADOR, kampuni yao iliyo chini ya kampuni kubwa ya burudani ya HYBE, tarehe 13 Novemba 2024, na tarehe 28 wakaitisha mkutano wa waandishi wa habari kutangaza kwamba usiku ule mkataba umekwisha. Tatizo lao lilikuwa mambo mawili. La kwanza ni kutangaza kwamba hakuna haja ya kwenda mahakamani: sisi hatujakosea, kwa hiyo tuko huru. Kwa maneno mengine walijihukumia kesi wenyewe. ADOR ikafungua kesi tarehe 3 Desemba kuthibitisha kwamba mkataba uko hai, na Januari ikaomba zuio. Tarehe 21 Machi 2025 zuio likatolewa: wasifanye kazi yoyote bila kampuni. Siku mbili baadaye walipanda jukwaani Hong Kong kwa jina jipya la NJZ, wakatangaza kusimamisha shughuli papo hapo. Mei mahakama ikaongeza makali: atakayefanya kazi nje ya kampuni alipe won bilioni 1 kwa kila kosa, kila mmoja kivyake. Ni kama dola laki saba kwa kila onyesho.

La pili ni aina ya malalamiko. Kiini chake kilikuwa kuondolewa kwa Min Hee-jin, aliyekuwa mkurugenzi wao, Agosti 2024. Kibinadamu inaeleweka; mtu aliyewalea kisanii hayupo tena. Lakini mahakama iliuliza swali kavu: je, kazi ambazo kampuni iliahidi kwenye karatasi, kama kuwalipa mgawo wao na kuwatafutia kazi, zimefanyika? Zimefanyika. Mkataba ulikuwa na kampuni, haukuwa na Min. Tarehe 30 Oktoba 2025 hukumu ikatoka kwamba mkataba ni halali, na katikati ya Novemba wanachama wakatangaza nia ya kurudi.

Hapo binti yako atasema mahakama za Korea zinabeba kampuni. Mwambie asome kesi ya kundi la LOONA, maana hiyo ndiyo darasa.

LOONA walikuwa kumi na wawili chini ya Blockberry Creative. Masharti ya mkataba wa mmoja wao, Chuu, yalichapishwa na vyombo vya habari vya Korea: mapato yanagawanywa saba kwa tatu, kampuni ikichukua saba, gharama zinagawanywa nusu kwa nusu. Ukisoma haraka unaona ni kawaida. Chukua kalamu.

Tuseme mwezi huu zimeingia won milioni 100 na gharama ni milioni 70. Mgawo wa Chuu katika mapato ni milioni 30. Nusu ya gharama ni milioni 35. Amefanya kazi mwezi mzima na sasa anadaiwa milioni 5. Kampuni ina 70 kutoa 35, imebaki na milioni 35. Lakini kama gharama zingetolewa kwanza ndipo kilichobaki kigawanywe, 100 kutoa 70 ni 30, na asilimia 30 ya hiyo ni milioni 9 mkononi mwake. Watu walewale, kazi ileile, asilimia zilezile. Kilichobadilika ni mpangilio wa kutoa na kugawa. Kwa masharti ya Blockberry, gharama zikivuka asilimia 60 ya mapato, kila kazi anayoongeza inamzamisha. Na kundi jipya lenye watu kumi na wawili wa kulisha, kuvisha na kusafirisha huvuka asilimia hiyo bila shida.

Hesabu ya namna hiyo mahakama inaielewa vizuri. Tarehe 13 Januari 2023 wanne kati ya tisa waliofungua shauri walishinda. Watano walishindwa siku hiyohiyo, mahakama ileile, kampuni ileile. Kila mwanachama husaini mkataba wake peke yake, na masharti hayakuwa sawa kwa wote. Wawili wengine wakashinda Mei, wale watano wakapata ushindi Juni, na Chuu, aliyekuwa na kesi yake ya pembeni, akashinda Agosti. Katika miezi minane kundi zima likawa huru, na kilichowatoa ni vifungu na risiti kuliko masimulizi ya mateso.

Kuna milango mingine inayofunguka. Mwimbaji Kang Daniel alipata zuio Mei 2019 baada ya kuonyesha kwamba kampuni yake ya LM ilihamishia sehemu kubwa ya haki zake kwa kampuni nyingine bila ridhaa yake. Kundi la Omega X walipata lao Januari 2023 baada ya ushahidi wa kutendewa vibaya na uongozi, zikiwemo video na rekodi za sauti. Mahakama ya Juu kabisa ya Korea imekubali kwamba mkataba wa msanii na wakala unasimama juu ya imani, na imani ikivunjika kabisa msanii hawezi kulazimishwa aendelee. Ila anayesema imani imevunjika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na "siwaamini tena" haitoshi.

Muda nao ni silaha. Ukitazama tarehe nilizotaja, zuio huchukua miezi miwili hadi mitatu: TVXQ Julai hadi Oktoba, Fifty Fifty Juni hadi Agosti, NewJeans Januari hadi Machi. Kesi ya msingi huchukua karibu mwaka na kuendelea. Kwa kampuni mwaka ni mstari mmoja kwenye ripoti ya fedha. Kwa msichana wa miaka 20 ambaye kazi yake inapimwa kwa miaka saba, ni sehemu ya saba ya ujana wake kazini. Na katika kipindi hicho, kama zuio limekwenda kwa kampuni, haruhusiwi kupanda jukwaani bila kampuni, kwa hiyo hata pesa ya kuishi inatoka kwa wazazi.

Wala hawezi kukimbilia sheria za kazi. Mashabiki walipolalamika kwa niaba ya Hanni wa NewJeans kwamba ananyanyaswa kazini, Wizara ya Ajira ilijibu Novemba 2024 kwamba kisheria Hanni si mfanyakazi. Msanii anahesabiwa kama mfanyabiashara aliyeingia ubia na kampuni, hata kama ni kampuni inayompangia chumba cha kulala. Kwa asiye Mkorea kuna kamba nyingine: viza ya burudani, ile ya E-6, inashikiliwa na mkataba na kampuni. Mkataba ukitetereka, na kibali cha kukaa nchini kinatetereka.

Tuseme ameshinda. Atatoka na nini? Jina aghalabu linabaki, kwa sababu kampuni ndiyo iliyolisajili kama alama ya biashara. Kundi la Beast walipoondoka kampuni ya Cube mwishoni mwa 2016 walilazimika kujiita Highlight, na ilikuwa 2024 ndipo walipokubaliana na Cube kulitumia tena jina la zamani. Kundi la GOT7 walibahatika: wote saba walimaliza muda wao kwenye kampuni ya JYP Januari 2021 na jina wakaruhusiwa kuondoka nalo. Rekodi za nyimbo karibu daima ni mali ya kampuni. Na kuna ukuta usioandikwa popote. Wale watatu wa TVXQ, waliojiita JYJ, walishinda zuio mwaka 2009, lakini vipindi vya muziki vya televisheni viliwapotezea miaka na miaka. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Haki iliiamuru SM na chama kimoja cha wadau wa burudani kuacha kuwawekea vizingiti. Junsu aliimba kwenye kipindi cha muziki cha televisheni ya EBS mwaka 2015, baada ya miaka sita hivi, na mwisho wa mwaka huo bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya utangazaji, ya kuzuia wasanii kufungiwa vipindi bila sababu ya haki, ambayo watu wanayaita "sheria ya JYJ".

Sasa tuje kwa binti yako, maana hapo saini itakuwa ya kwako. Nchini Korea utu uzima kisheria ni miaka 19, kwa hiyo mtoto wa miaka 15 hawezi kujifunga bila mzazi.

Usaili wenyewe hauna madhara. Kinachokuja baada yake ni mkataba wa uanagenzi, na huo ni tofauti na mkataba wa usanii. Utafute hasa kifungu cha kurudisha gharama za mafunzo. Mwaka 2017 Tume ilikagua kampuni nane kubwa ikakuta nyingi zinamdai mwanagenzi anayeondoka mara mbili au tatu ya kilichotumika kumfundisha, na ikaziamuru zirekebishe. Ukikuta neno "mara mbili" popote karibu na neno "mafunzo", usisaini. Angalia pia kama karatasi inamlazimisha mwanagenzi kusaini mkataba wa usanii na kampuni hiyohiyo baadaye. Hilo lilikatazwa mwaka huohuo.

Akifika kwenye mkataba wa usanii, cha kwanza ni tarehe. Miaka saba inaanza kuhesabiwa siku ya kusaini au siku ya kutoa wimbo wa kwanza? Kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miaka miwili au mitatu ambayo haihesabiki. Soma na sababu za kuongeza muda. Jeshi, ujauzito, masomo, vyote vinaweza kusogeza mwisho mbele. Halafu mgawo: uliza gharama zinatolewa kabla ya kugawa au baada, na ni gharama zipi. Mkataba wa mfano unaruhusu kukata gharama za moja kwa moja za kazi kama usafiri na chakula. Gharama nyingine kampuni inapaswa kupata kibali cha msanii. "Gharama nyinginezo" bila maelezo ni shimo. Taarifa ya mahesabu inatakiwa kuja pamoja na malipo, na msanii ana siku 30 za kupinga. Wanaozitumia siku hizo ni wachache, wengi huona ni utovu wa adabu kumuuliza mkubwa habari za pesa. Baadaye wakienda mahakamani wanaulizwa kwa nini walinyamaza. Watatu wa kundi la EXO (Baekhyun, Xiumin na Chen) walikuja kusema mwaka 2023 kwamba wameandika barua saba wakiomba nakala za mahesabu, na kampuni iko tayari tu kuwaonyesha bila kuwapa. Zile barua ndizo zilizowapa nguvu ya kukaa mezani. Juni mwaka huo wakaelewana.

Kuhusu saa za kazi, sheria inampa aliye chini ya miaka 15 saa 35 kwa wiki, na wa miaka 15 hadi 18 saa 40, pamoja na masharti ya kazi za usiku kuanzia saa nne. Mazoezi ya ngoma ya saa sita usiku, kampuni nyingi hazioni kama ni kazi, kwa hiyo uliza mapema yanahesabiwaje.

Mkataba utakuja kwa Kikorea. Ukipewa tafsiri ya Kiingereza, uliza ni nakala ipi inayotawala pakitokea tofauti. Mara nyingi ni ya Kikorea. Tafuta wakili wa huko anayesoma lugha hiyo, umlipe wewe mwenyewe, asiwe yule anayeletwa na kampuni. Na bahasha yoyote atakayopewa binti, taarifa ya mahesabu, ratiba, hata ujumbe wa simu kutoka kwa meneja, nakala yake ije nyumbani siku hiyohiyo.